Maumivu ya kiuno yanaposhuka hadi mguuni: Kulala kitandani si dawa

WATU wengi wakishikwa na maumivu ya mgongo husema ni figo, au ni baridi iliyoingia mwilini, au ni uzee umebisha hodi. Lakini kuna maumivu ya mgongo ambayo hayatulii mgongoni. Huanzia kiunoni, yakapitia kwenye tako, yakateremka nyuma ya paja na kwenye shavu la mguu, na mara nyingine yakafika hadi kwenye vidole. Mgonjwa huyaeleza kama umeme, au moto, au sindano. Akikohoa au kupiga chafya, hushtuka kwa uchungu.

Maumivu haya huitwa sayatika. Huwapata sana watu wa umri wa kufanya kazi, hasa kati ya miaka 30 na 50, na kwa hivyo huwaumiza pia wale wanaowategemea. Dereva wa matatu asiyeweza kuketi, mama asiyeweza kuinua mtungi wa maji, au kibarua anayelipwa kwa siku hana mtu wa kumfanyia kazi yake.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa aina hii waliamriwa walale kitandani, au juu ya ubao mgumu, kwa wiki mbili au tatu bila kufanya lolote. Hata leo wapo wanaoshauriwa hivyo na jamaa na majirani. Utafiti umeonyesha kwamba kulala huko hakuharakishi kupona. Vilevile, kuna wachache ambao maumivu yao ni ishara ya hatari, nao hawafai kukaa nyumbani hata siku moja. Ni vyema kila mtu ajue tofauti kati ya makundi haya mawili.

Neva yenyewe

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sehemu ya kiuno ina pingili 5, nazo ni kubwa kuliko zile za juu kwa sababu hubeba uzito wa kichwa, mikono na kiwiliwili. Kati ya pingili moja na nyingine kuna kisahani ambacho madaktari hukiita diski. Kwa nje kina ganda gumu la nyuzi, na kwa ndani kina ute mzito. Kazi yake ni kama ya springi za gari: hupunguza mshtuko unapotembea, unaporuka au unapobeba mzigo.

Kando ya pingili hizo hutokea mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka habari kati ya ubongo na miguu. Mizizi 5 ya sehemu ya chini ya mgongo huungana na kufanya neva moja inayopita ndani ya tako na nyuma ya paja. Hii ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Mzizi wake ukibanwa au ukichokozwa kule mgongoni, ubongo hudhani kwamba mguu ndio unaoumia. Ndiyo sababu mtu anaweza kusugua dawa mguuni kwa mwezi mzima bila kupata nafuu.

Daktari Domenico Cotugno wa mji wa Napoli, Italia, aliandika mwaka 1764 kitabu kilichoeleza kuwa maumivu haya yanatokana na neva na si kiungo cha nyonga. Lakini ilichukua miaka mingine 170 kabla ya sababu kubwa kujulikana. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walieleza jinsi diski inavyopasuka na ute wake kutokeza nje na kuibana neva.

Diski haipasuki kwa mizigo mizito peke yake. Umri huipunguzia maji na kuidhoofisha. Kuinama na kujipinda mara kwa mara, kuketi kwa saa nyingi, mtikiso wa gari, uvutaji wa sigara na unene wa kupita kiasi vyote huchangia. Ndiyo maana wengine hushikwa wakiokota kalamu tu.

Kwa wazee sababu huwa tofauti. Tundu ambamo neva hupita ndani ya uti wa mgongo huwa jembamba kadiri mifupa inavyoongezeka na kukakamaa. Mzee wa aina hii huumwa na miguu akitembea au kusimama, lakini akiketi au kuinama mbele hupata nafuu. Mara nyingi huona afadhali kupanda mlima kuliko kuteremka, kwa kuwa anapopanda huinama.

Jinsi ya kuitambua

Maumivu ya kawaida ya mgongo, yanayotokana na misuli na viungo vya uti wa mgongo, hubaki kiunoni au hufika kwenye matako na mapaja tu. Sayatika kwa kawaida huupata mguu mmoja, hupita chini ya goti, na mara nyingi mguu huuma kuliko mgongo wenyewe. Sehemu ya mguu inaweza kufa ganzi.

Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, na mara nyingi huandamana na homa, kutapika au uchungu wakati wa kukojoa. Hayateremki nyuma ya paja hadi unyayoni.

Ukienda hospitali, daktari atakulaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Kama maumivu yatateremka mguuni kabla mguu haujainuka sana, huenda ni neva. Atakuambia pia utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Asiyeweza kutembea kwa kisigino cha mguu mmoja ana udhaifu kwenye neva inayoinua unyayo. Asiyeweza kusimama kwa ncha za vidole ana udhaifu kwenye neva iliyo chini yake. Vipimo hivi havihitaji mashine yoyote.

Kitanda hakisaidii

Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 183 wa sayatika. Nusu yao waliambiwa walale kitandani kwa wiki mbili, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri walivyoweza. Baada ya wiki mbili, 70 katika kila 100 wa waliolala walikuwa na nafuu, na 65 katika kila 100 wa wale wengine. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati tu. Baada ya wiki 12, makundi yote mawili yalikuwa sawa: 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu.

Hapo awali, mwaka 1995, uchunguzi wa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, waliokuwa na maumivu ya kawaida ya kiuno ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao walipona haraka kuliko waliolala kwa siku mbili.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, wagonjwa wengi wa sayatika hupata nafuu bila kupasuliwa. Mwili wenyewe hukausha na kufyonza ule ute uliotoka kwenye diski, na uvimbe unaoizunguka neva hupungua. La pili, kulala muda mrefu kuna hasara zake: misuli hulegea, viungo hukakamaa, na mtu huanza kuogopa hata kuinama. Ukizidiwa, lala siku moja au mbili, kisha amka.

Unachoweza kufanya nyumbani

Kwanza tafuta mkao unaoituliza neva. Wengi hupata nafuu wakilala chali sakafuni kwenye mkeka au blanketi, miguu ikiwa juu ya kiti na magoti yamekunjwa. Wengine hupenda kulala ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti. Godoro lisiwe limebonyea katikati.

Pili, tembea. Anza kwa dakika tano au kumi kwenye mahali tambarare, mara kadhaa kwa siku, na uongeze kidogo kidogo. Maumivu kidogo unapotembea hayamaanishi kwamba unaiharibu neva. Usiketi zaidi ya nusu saa bila kusimama, kwani kuketi huikandamiza diski.

Tatu, tumia joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, au taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, huilegeza misuli iliyokaza. Usiweke joto kali mahali palipokufa ganzi, maana unaweza kuungua bila kujua.

Nne, fanya mazoezi mepesi. Lala kifudifudi kwa dakika chache. Ukiona unaweza, jiinue kwa viwiko huku nyonga zikibaki chini, kaa hivyo kidogo, kisha shuka. Zoezi hili lilipata umaarufu kutokana na kisa cha mwaka 1956 katika mji wa Wellington, New Zealand. Mgonjwa wa Robin McKenzie, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alijilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na maumivu ya mguu wake yakatoweka.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Kama zoezi linayafanya maumivu yatoke mguuni na kurudi kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Kama linayasukuma maumivu chini zaidi mguuni, liache. Wazee wenye tundu jembamba la neva huenda wasilipende zoezi hili. Wao hufaidika kwa kulala chali na kuvuta goti moja moja kuelekea kifuani.

Baada ya makali kupungua, imarisha misuli. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa chini, kisha inua nyonga polepole, hesabu hadi tano na uzishushe. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi na jioni. Ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia, atakupangia mazoezi yanayokufaa.

Kukandwa taratibu si vibaya. Lakini usikubali mtu akukanyage mgongoni au akuvute mguu kwa nguvu ati arudishe mfupa mahali pake. Katika sayatika hakuna mfupa ulioteguka unaohitaji kurudishwa.

Kuhusu dawa

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kupunguza maumivu kwa siku chache, lakini haziponyi diski. Zimeze baada ya kula, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Usizitumie mbili kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wa moyo au shinikizo la damu, pamoja na mama mjamzito, asizitumie bila kumwuliza daktari. Kuna watu ambao wamezimeza kwa miezi hadi wakatapika damu au figo zikaharibika.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini uchunguzi mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa haiharakishi kupona kwa maumivu mapya ya kiuno. Dawa ya neva iitwayo pregabalini, inayoandikiwa wagonjwa wengi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 209 wa sayatika na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Haikuwashinda wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, na waliyoitumia walipatwa na kizunguzungu zaidi.

Jihadhari pia na sindano za ovyo. Neva tunayoizungumzia hupita ndani ya tako. Sindano ikidungwa mahali pasipofaa inaweza kuijeruhi na kuuacha unyayo ukining'inia. Anayedunga tako anapaswa kulenga robo ya juu, upande wa nje. Watoto na watu waliokonda wako katika hatari zaidi. Mara nyingi vidonge hutosha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno mnamo Desemba 2023. Liliunga mkono mazoezi na kumwelimisha mgonjwa, na likashauri dhidi ya kutegemea mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni.

Picha na upasuaji

Wagonjwa wengi hudhani kwamba hawajatibiwa hadi wapigwe picha. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi diski. Picha ya MRI huionyesha vizuri, lakini ni ghali, na inaweza kumtia mtu hofu bure. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha hiyo watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyotokeza angalau mahali pamoja. Kwa hivyo picha inafaa iwapo kuna dalili za hatari, au maumivu yamezidi wiki sita na upasuaji unafikiriwa.

Upasuaji una nafasi yake. Uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwahusu wagonjwa 283 waliokuwa wameteseka kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, 95 katika kila 100 wa makundi yote mawili walikuwa wamepona. Asiyevumilia maumivu, au ambaye mguu wake unazidi kudhoofika, ana sababu ya kumwona mpasuaji. Ambaye anapata nafuu kila wiki anaweza kungoja.

Dalili za hatari

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: umeshindwa kukojoa au mkojo unatoka wenyewe, choo kinatoka bila kujua, sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi, miguu yote miwili inadhoofika, au unyayo umeanza kuburuta. Hizo ni ishara kwamba fungu la neva lililo mwisho wa uti wa mgongo limebanwa. Mgonjwa huhitaji kupasuliwa haraka. Akichelewa anaweza kubaki na ulemavu na kushindwa kuuzuia mkojo maisha yake yote. Watu wengi huona haya kutaja mambo ya haja na sehemu za siri. Mwambie daktari bila kuficha.

Kuna dalili nyingine ambazo hazipasi kupuuzwa. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hawajui kwamba kifua kikuu hushambulia hata mifupa, na mgonjwa anaweza kuwa hakohoi kabisa. Kenya ilikuwa katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Pingili zikiliwa na ugonjwa huo huporomoka, mgongo ukatoa kibyongo na miguu ikapooza. Ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge, na dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Homa na maumivu ya kiuno kwa mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, au anayehudumia mifugo inayoharibu mimba, huenda yakawa ni ugonjwa wa brusela. Maumivu yasiyotulia hata usiku ukiwa umelala, kwa mtu aliyepita miaka 50 au aliyewahi kuugua saratani, yachunguzwe pia. Saratani ya tezi ya kiume na ya matiti huweza kuenea hadi kwenye mifupa ya mgongo. Aliyeanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki, na mama mzee aliyeteleza tu, wapigwe picha kuangalia kama kuna mfupa uliovunjika.

Kurejea kazini

Usingoje maumivu yaishe kabisa ndipo urudi kazini. Rudi kwa kazi nyepesi, na uongeze polepole. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Afadhali kubeba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Unapoinua mzigo, usogee karibu nao, kunja magoti, uukumbatie karibu na kifua, na ugeuke kwa miguu badala ya kujipinda kiuno. Mpini wa jembe ukiwa mrefu, mkulima hainami sana. Anayebeba kuni au kikapu cha majani chai mgongoni na apumzike mara kwa mara, na asingoje kikapu kijae pomoni.

Dereva wa matatu au lori ashuke kila afikapo mwisho wa safari na atembee kidogo. Asiketi juu ya pochi nene iliyo katika mfuko wa nyuma, kwa sababu huikandamiza neva kwenye tako. Taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno husaidia. Mwanabodaboda naye apunguze mwendo kwenye mashimo na matuta.

Kama maumivu hayajapungua baada ya wiki sita, au yanarudi mara kwa mara, mwone daktari hata kama huna dalili yoyote ya hatari. Na mgonjwa akiwa ni jamaa yako, usimfungie chumbani na kumpelekea chakula kitandani mwezi mzima. Mshike mkono atoke nje, azunguke ua mara mbili au tatu, na kesho yake afike hata barabarani.